Debe la Mwisho

Mkutano wa Jumatatu, Uyole, ukungu bado umelala dirishani.
Meneja kavaa koti zito, anasoma namba moja:
"Wastani, nusu sekunde."
Makofi. Nami nikaandika nusu sekunde daftarini,
nikaipigia mstari, halafu nikaifuta.

Maana mama yangu alichambua viazi Isongole miaka kumi na sita,
sikumsikia hata siku moja akitaja kiazi cha wastani.
Alikuwa na madebe. La golori, chakula cha nguruwe,
la mbegu, la chipsi, la vile vikubwa vya kuringishia jirani,
na moja pembeni, lisilo na jina,
la vilivyokatwa na jembe, vilivyooza moyo ngozi ikiwa nzima.
Mnunuzi akija, alionyeshwa hilo kwanza.

Usiku nikapanga madebe yangu.
Karani wa mzani anabonyeza simu, anasubiri risiti;
kila kusubiri nikakupa debe lake.
Ya mwanzo membamba kama uzi wa buibui,
kisha yakapanuka maradufu, na maradufu tena,
kadiri muda unavyorefuka,
kwa kuwa aliyengoja dakika hakudai chembe ya sekunde,
mradi tarakimu tatu za mbele nisizikosee.
Sikuweka viazi vyenyewe, niliweka idadi tu:
madebe ya namna hiyo hayafuriki, hata msimu ukivimba.

Kulipokucha nikachora histogramu.
Kushoto mlima mmoja, mgongo wa Loleza mtupu,
halafu tambarare, tambarare, Usangu wakati wa kiangazi,
na mbali kabisa kulia, kichuguu.
Kumi na moja kati ya elfu kumi na nne.
"Hilo vumbi," alisema Lwitiko, akapuliza kioo.

Nikaenda Igoma kulitazama vumbi.

Mvua. Seva ikaganda.
Karani Asajile kaduwaa, kidole juu ya simu,
na kila nusu dakika mwingine akafika na gunia lake,
akatua, akavuta sweta, akajipanga.
Dakika kumi. Nyuma ya yule wa kwanza, watu kumi na tisa.
Ndipo risiti ikatoka, na waliobaki
wakapimwa chapuchapu, robo sekunde, robo sekunde.

Nikafungua madebe palepale, chini ya bati.
Kulia limeongezeka moja.
Kushoto, kumi na tisa, wepesi, safi,
kana kwamba hakuna aliyelowa.

Saa yangu ilianza kuhesabu kidole kilipobonyeza, si kabla.
Seva ikinyamaza, nayo ikanyamaza kwa adabu,
kama mgeni anayeacha kutafuna mwenyeji akikohoa.
Mama Tupokigwe, wa tisa, kitenge kimeganda mgongoni,
kwa hesabu zangu hakungoja kitu.

Basi nikawarudisha foleni mmoja mmoja:
dakika kumi, tisa na nusu, tisa,
nane na nusu, nane, sikuruka mtu,
mpaka yule wa mwisho na nusu yake.
Kichuguu kikainuka. Kikawa kilima chenye mteremko,
na wastani wa meneja ukaanza kuchechemea.

"Unaandika nini, mwanangu?"
"Muda uliongoja, mama."
"Wa hapa?"
"Wa hapa."
Akatazama juu, kule njia inakopotelea mawinguni.
"Nimetoka na gunia kichwani jogoo hajawika.
Huo unauweka wapi?"

Nikatazama madebe yangu, mengi, yamepangwa vizuri.
Mvua iligonga bati. Asajile akaita namba inayofuata.